Mpaka Mayai Yaanguliwe

Katika kugawana vitu, kitanda kilikuwa cha Kemilembe, friji ya mumewe Rwekaza, na mambo yalikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye samaki.

Antoni, kaka mkubwa wa Kemilembe, alikuwa amekuja Igoma na pikapu yake kutoka Usagara kumchukua dada yake. Hakukuwa na kipigo wala mwanamke wa nje. Mume na mke walikuwa wameacha kuongea, basi. Kwa muda mrefu walichosemezana ni kwamba umeme wa LUKU umeisha au maji yamekatika. Kemilembe ndiye aliyesema imetosha, na Rwekaza hakubisha.

"Tangi nalichukua mimi," Kemilembe alisema.

"Lichukue," Rwekaza alisema. "Ila lina mayai."

Lilikuwa tangi dogo la kioo, mtu angeweza kulikumbatia. Ndani waliishi gobi wawili, samaki wa bahari wasiozidi kidole cha mtoto, wenye mstari wa buluu ubavuni. Rwekaza aliwanunua Dar, na tangu hapo nyumba ile ilikoroga maji ya chumvi kwenye ndoo huku Ziwa Victoria lote likiwa pale chini ya mlima. Majirani walishazoea.

Antoni alipiga magoti, akamulika ndani ya kipande cha bomba kilicholazwa kwenye mchanga wa tangi. Aliyaona mwenyewe: vitone vimeganda ukutani, kila kimoja na macho mawili. Dume alikuwa amekaa mlangoni akiyapepea kwa mapezi.

"Tukilisogeza tangi, baba yao ataogopa, atayala yote," Rwekaza alieleza.

Antoni alimtazama dada yake.

"Ni kweli, kaka. Tusubiri yaanguliwe."

Antoni aliondoka na pikapu tupu, kwani hakuona sababu ya kubeba kitanda leo na tangi siku nyingine.

Aliporudi, mayai yalikuwa yameanguliwa, na hapo ikawa taabu nyingine. Watoto walikuwa wembamba kama kope. Walikula vijidudu hai ambavyo Kemilembe alivifuga dirishani ndani ya chupa za soda, na walitaka kulishwa kutwa. Mmoja akienda kazini, mwingine alibaki zamu.

"Umewapa?"

"Nimewapa asubuhi. Mchana wape wewe."

"Yule wa kwenye kona hali."

"Anakula. Nimemwona."

Antoni alikunywa chai akiyasikiliza mazungumzo hayo mpaka yakamchosha, akaondoka.

Watoto walipokua na kugawanywa kwa watu, wazazi wakataga tena.

Safari iliyofuata, Rwekaza alilala kifudifudi sakafuni akamulika ndani ya bomba. "Yapo," alisema. Kemilembe akapokea tochi, naye akalala chini. "Yapo," alisema. Safari nyingine ikawa vivyo hivyo. Masika yakapita. Siku moja Antoni aliwakuta wanacheka, na alipouliza kinachochekesha walimjibu kuwa ni samaki.

"Huyu mwanamume anakuchezea," Antoni alimwambia dada yake jikoni.

"Wanaotaga ni samaki, kaka, si yeye."

"Mama ananiuliza kila siku. Unakuja au huji?"

"Nimesema nakuja. Yakishaanguliwa."

Mwishowe Antoni alimfuata Kashindye, fundi wa matangi ya samaki kule Kisesa, ambaye naye alifuga gobi. Alimweleza njiani: kama mayai hayapo, aseme hayapo mbele ya wote, na kitanda kitapanda gari siku hiyohiyo.

Kashindye alisalimia, akavua viatu, akapiga magoti mbele ya tangi. Rwekaza alisimama upande mmoja wa kabati, Kemilembe upande wa pili, birika mkononi. Antoni alibaki nyuma mlangoni, ameshika kamba ya kufungia mizigo.

Fundi alimulika ndani ya bomba. Akazungusha tochi kwenye mawe, kisha akarudi kwenye bomba. Alichukua muda. Hatimaye aliinua uso kwa Rwekaza, akaugeuza kwa Kemilembe, akazima tochi.

"Yapo," alisema. "Tena mengi. Hili tangi lisiguswe."

Antoni alikunja kamba yake.

Njiani kurudi, walipokaribia Kisesa, Kashindye alikohoa.

"Bosi, unisamehe. Mle ndani hakuna mayai. Hakuna hata jike. Yumo dume mmoja tu, tena amezeeka."

Antoni alisimamisha gari kando ya barabara.

"Sasa mbona umesema yapo?"

"Mume alinikonyeza," Kashindye alisema. "Nikageuka nimtazame mke, naye akanikonyeza."