Mafuta ya Kukamulia

Chepkosgei, karani wa rekodi hospitalini, alikuwa karibu kuingiza kwenye kompyuta msimbo wa ugonjwa ulioandikwa na daktari, titi lililovimba kwa kunyonyesha, alipoona mvi za mgonjwa aliyesimama mbele yake.

"Mama, bado unanyonyesha?"

"Ninyonyeshe nani? Kitindamimba wangu ana ndevu!"

"Na umepaka nini?"

"Mafuta ya kukamulia ng'ombe. Tangu mwezi jana, na titi bado jekundu, linachoma."

"Rudi kwa daktari, umwambie hunyonyeshi. Titi kama hilo kwa asiyenyonyesha laweza kuwa na saratani; lazima lichunguzwe leo."

Mama akanusa. "Na wewe je, mwanangu? Mafuta hayo hayo yananukia upande wako. Ama mnakamua hapa ofisini?"

Chepkosgei akashika sweta yake kifuani, pale palipokuwa pakiwaka moto. Mtoto wake alikuwa gredi ya sita.

Akazima kompyuta.

"Ningoje, mama. Twende sote."