Kipimo cha Kumi na Mbili

Mapigo yalikuwepo. Dahabo alirudia hesabu mara ya nne, na kila baada ya sekunde tisa mstari kwenye kompyuta ulipanda tena, safi kabisa.

Kwa miaka mitatu alikuwa akichunguza nyota moja ndogo, nzito ajabu, inayonyonya gesi ya nyota jirani. Gesi ikiwa nyingi, nyota huwaka kwa eksirei, na mwanga wake hupiga kama moyo. Tasnifu ya Dahabo ilidai kwamba nyota ikififia kupita kiwango fulani, mapigo hukoma. Vipimo kumi na kimoja vya setilaiti vilikubali. Cha kumi na mbili, kilichochukuliwa nyota ikiwa hafifu kuliko wakati wowote, kilikataa.

Sura ya mwisho ilitakiwa Ijumaa. Ufadhili ulikuwa unaisha mwezi huo, na chuo kilishamnyima nyongeza. Mafuriko yalikuwa yamekata barabara, kwa hiyo alikuwa amekwama nyumbani Garsen na dada yake Nimo, ambaye sasa alikuwa ameketi mlangoni akitikisa kibuyu cha maziwa.

"Si umpigie profesa wako?" Nimo aliuliza.

"Nimwambie nini? Kwamba miaka yote hii nimekosea?"

Nimo akatikisa kibuyu kidogo. "Na ukikiacha hicho kipimo kimoja, nani atajua?"

"Hakuna."

Hilo ndilo lililomtisha. Profesa Nzai alimwamini mno. Wanafunzi wengine walijitafutia nyota zao. Yeye alichaguliwa, akakabidhiwa vipimo vyote mkononi, akaombwa tu asivipitie haraka.

Alhamisi alikifuta kipimo cha kumi na mbili. Akaandika kwamba vipimo vyote kumi na kimoja vinathibitisha dai lake, akatuma, kisha akakaa akitazama ukuta.

Jumamosi simu ikalia.

"Nimeisoma, mwanangu," alisema Profesa Nzai. "Umeandika vizuri. Lakini jedwali nimelihesabu mara mbili. Cha kumi na mbili kiko wapi?"

"Kilikuwa kibovu, Profesa. Hakikuwa na kitu."

"Mapigo yale niliyaona humo miaka minne iliyopita," alisema Profesa. "Sikumwambia mtu, Dahabo. Nilitaka ugunduzi uwe wako."