Mgeni wa Mwaka Kogwa

Bwana Shamsi alivaa mashati matatu siku aliyokwenda Makunduchi kupigwa. La juu alilifunga vifungo mpaka kooni, na gari haijafika nusu ya njia alikuwa ametota jasho.

"Hayo mashati hayatakusaidia kitu," Mabrouk, aliyekuwa akiendesha, alimwambia. "Mjaka ana mkono mzito."

"Mkono wake naujua. Si ndio uliokataa kushika kalamu wiki zote hizi?"

Hilo ndilo lililomleta. Nchi tatu za bara zilikuwa na forodha moja na sauti moja, na huku Unguja sauti yenyewe ilikuwa Bwana Shamsi. Zilitaka sukari na unga wao viingie kwa ushuru mdogo. Wakubwa wa serikali mjini walikuwa radhi, lakini walishasema hawatii saini mpaka katibu wao wa biashara, Mjaka, aseme ndiyo. Na Mjaka hasemi. Leo unga una wadudu, kesho sukari ina mchanga, keshokutwa kichwa kinamuuma. Shamsi naye alikuwa ameshawaapia mabwana zake: arudi na saini, au kiti chake wampe mwengine.

Mabrouk, aliyefanya kazi ofisi moja na Mjaka, ndiye aliyemfumbua macho. "Unamkumbuka Shaame? Yule kijana wa machungwa?"

Shamsi alimkumbuka. Zamani, alipokuwa mkubwa wa gati katika bandari moja ya bara, kijana huyo alileta shehena ya machungwa kutoka Unguja. Shamsi aliyazuia juani mpaka yakaoza, kwa kiburi tu, na kijana alipothubutu kumjibu akamtia mahabusu. Alitoka huko anakohoa damu, akafa. Mjaka alikuwa kakake, tumbo moja.

"Basi nenda Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa," Mabrouk alimshauri. "Kule mwaka mpya huanza kwa watu kupigana kwa mabua ya migomba. Mwenye kinyongo chake hukitoa siku hiyo. Akishakupiga, yameisha. Mnapeana mikono, na hana ruhusa ya kulitaja tena mpaka anaingia kaburini. Mwache akupige, bwana. Jumatatu utapata saini yako."

Shamsi alifurahi, tena sana. Roho ya mtoto wa watu kwa mgongo kuvimba siku mbili! Mfanyabiashara gani angelikataa bei hiyo?

Uwanjani kulikuwa vumbi tupu. Wanawake wameshikana, wanaimba maneno ya kuziba masikio, na wanaume wanachapana hasa. Waliokwisha kuchapana walikuwa pembeni, wanacheka na kuegemeana. Mjaka alisimama katikati, kifua wazi, bua bichi mkononi. Alipomuona Shamsi anaingia, uso ulimbadilika. Alimchukia mtu yule, alimchukia mpaka sauti yake na harufu ya mafuta yake ya nywele. Katika kundi la wanawake, mama yake, Bi Sichana, aliacha kuimba.

Shamsi alipiga magoti mchangani. "Nipige, Mjaka. Nimekuja kwa hilo."

Mjaka aliinua bua. Waliokuwa karibu walirudi nyuma, maana alikuwa ameuma meno. Alikaa hivyo kitambo, bua liko juu, Shamsi amefumba macho.

Kisha akalitupa chini.

"Inuka," alisema. "Wewe mgeni wangu. Leo kila nyumba ina mgeni wake, na sisi tumekupata wewe. Twende ukale."

Shamsi aliinuka analia waziwazi. Alinyoosha mkono, Mjaka akamshika bega, akamuongoza njia ya nyumbani. Kila waliyepishana naye, Shamsi alimsimamisha kumwambia kwamba hajapata kuona moyo kama ule, mtu kasamehe bila hata ya kupiga. Mabrouk alifuata nyuma.

Nyumbani Shamsi alivua mashati mawili, akaletewa wali na kuku wa nazi, akala mpaka akaomba kuongezewa. Alizungumza juu ya Jumatatu. Alisema atakuja na kalamu mpya, na atawaeleza mabwana zake kwamba Unguja kuna waungwana.

Bi Sichana alimvuta mwanawe jikoni, macho yamemjaa machozi ya hasira.

"Aliyemuua mwanangu anakula wali wangu, na mgongo wake mzima," alisema. "Alikupigia magoti mwenyewe, Mjaka. Mbona hukumpiga?"

Mjaka alichungulia sebuleni kwanza, kisha akamfuta mama yake machozi kwa kiganja.

"Ningempiga, mama," alisema taratibu, "ingenibidi nimsamehe."