Nyegere Avuka Mto

Nyegere alipokuwa mkuu wa gereza la Simba, alimng'oa Nungunungu miiba, mmoja baada ya mwingine, ili akiri asilolitenda. Simba alipopinduliwa, Nyegere alivuka mto, akaomba hifadhi msitu wa pili, akajifanya mfuga nyuki mpole.

Nungunungu hakutulia. Naye alivuka, mgongo wazi, akamshtaki kwa Korongo, hakimu wa huko.

"Mheshimiwa," alisema Nyegere, akijikuna na kuitazama njia ya mtoni, "ya ng'ambo yaamuliwe ng'ambo."

"Kule nilishtaki mara tatu," Nungunungu alidakia. "Hakimu ni shemeji yake!"

"Na aliyeng'oa si mimi," Nyegere aliharakisha. "Ni cheo. Cheo kiliagiza, cheo kikang'oa."

"Hicho cheo kiko wapi sasa?" aliuliza Korongo.

"Nilikiacha kule, Mheshimiwa. Hapa mimi ni mkimbizi tu, sina chochote."

"Hebu nyoosha mikono."

Nyegere alisita, kisha akainyoosha. Korongo aliinama, akaikagua kwa muda mrefu.

"Cheo umekiacha ng'ambo," alisema. "Makucha umevuka nayo. Mfungeni."