Gia Huru

Tangu Ngaramtoni, Elieza alikuwa ameliachia lori gia huru, lijiteremkie lenyewe mpaka mjini na shehena yake ya saruji. Ndivyo madereva wote wa bosi wake walivyobana dizeli.

Sasa breki zilikuwa zimepata moto, hazishiki tena. Alisukuma gia ya tano. Ikasaga meno, ikamtetemesha kiganja hadi kwenye kiwiko, ikakataa kuingia.

Mbele, magari yalikuwa yamesimama kupisha wanafunzi kwenye kivuko cha pundamilia. Kushoto kulikuwa na migomba, na mama mmoja ameinama akipalilia.

Simu ikaita, ikajipokea yenyewe.

"Elieza, nakuona hapa kwenye kompyuta. Mafuta hayashuki kabisa! Wewe ndiye dereva, bwana!"

"Shikamoo, bosi," alijibu Elieza, akakandamiza honi, akakata usukani kushoto.