Kopo la Mfano

Mlinzi wa mlangoni mwa duka alikuwa na kazi moja tu: kulinganisha risiti na vitu vilivyomo kapuni, kisha kugonga muhuri. Alipofika kwa Bi Mwanakombo, mkono wa muhuri ukasita.

"Mama, risiti ina kopo moja la maziwa. Humu yamo mawili."

"Hilo la zamani nimetoka nalo nyumbani, mwanangu. Mkwe wangu kanipa liwe mfano, nisije nikamnunulia mtoto maziwa siyo."

"Kila siku hadithi ni hiyo hiyo!"

Akalivuta kapu. Bi Mwanakombo akaling'ang'ania kwa mikono miwili, maana tangu azaliwe hajapata kudhaniwa mwizi.

"Mwizi huyo!" mwanamke mmoja akapaza sauti kwenye foleni.

Kofi la kwanza la mlinzi lilimvua mtandio. La pili lilimbwaga sakafuni, mdomo ukapasuka. Kopo la zamani likabingirika mpaka miguuni pa mlinzi, naye kwa hasira akalikanyaga kwa buti. Likabonyea kama ganda la yai. Ndani hamkuwa na kitu.



Bi Mwanakombo akatema jino kiganjani. Akainuka taratibu, akaiokota risiti iliyolowa damu na kuinyoosha mbele ya mlinzi.

"Haya, baba. Gonga."

Nyuma yake, yule mwanamke aliyepiga kelele alikuwa amekwisha kuufungua mkoba wake na kuuinua juu mlinzi aone ndani, na hakuna aliyemwambia aufungue.