Mwanamke Asiye na Uso

Walburga alijiona kwenye picha ya altare, amepiga magoti miguuni pa Bikira, na juu ya kichwa chake palikuwa na msalaba mwekundu mdogo.

Picha ilikuwa bado katika karakana ya mchoraji. Hapa Nuremberg hata mtoto anaujua msalaba ule. Anayelipia picha ya altare huchorwa chini yake pamoja na jamaa zake, na mwenye msalaba ni marehemu, ili wanaokuja misa waiombee roho yake.

Sura ilikuwa ndogo kama ukucha, haitambuliki. Lakini gauni lilikuwa lake: la kijani, kola ya manyoya, alilopewa na mumewe, Endres, siku ya harusi. Nyuma yake alipiga magoti mwanamke mwingine, hana msalaba, uso wake umeachwa mweupe.

"Usiguse, dada, rangi mbichi," alisema mke wa mchoraji. Hakumjua, maana Walburga alikuwa amejifunika shali hadi puani, kama mteja apitaye. "Ukiichafua, mume wangu atanichora mimi motoni na mashetani."

"Huyu asiye na uso ni nani?"

"Bado hajaja. Bwana Endres amesema atamleta kabla ya Pasaka."

Pasaka ilikuwa imebaki siku tisa.

Njiani alimfikiria Kunigunda, mke wa kwanza wa Endres, ambaye hakuwahi kumwona. Aliumwa tumbo siku mbili tu, akazikwa. Hata kwenye picha hakuwekwa.

"Ulikuwa wapi?" Endres alimuuliza mlangoni pa nyumba yao.

"Sokoni."

"Na kikapu kitupu? Mke wangu siku hizi ananunua upepo." Akacheka peke yake.

Walburga aliingia jikoni, akateremsha kopo la sumu ya panya, akaikoroga ndani ya supu ya dengu. Akaongeza chumvi.

Endres alikula hadi nusu, akasema, "Leo umepika."

Mlango ukagongwa. Alikuwa mchoraji, Veit, na karatasi yake kwapani.

"Mnisamehe, nimewakuta mezani. Nimekuja kuuchora uso wa bibi, Pasaka inatukimbilia. Nafasi yako pale nyuma ya marehemu Kunigunda bado tupu. Ila leo usivae lile gauni la kijani, bibi. Lilikuwa lake, ndilo nililomchora nalo."

Endres alilifuta bakuli kwa mkate, akautia mkate kinywani.

"Keti kwanza, fundi," alisema. "Walburga, mtilie naye."